Mfungua Mlango wa Kibanda cha Adhabu

Doreen Lahti hakuwahi kuteleza barafuni hata siku moja maishani mwake, na kwetu Marlow Falls hilo ni sawa na mtu kuzaliwa kisiwani asijue kuogelea. Watoto wa hapa huvalishwa viatu vya barafu kabla hawajajua kuzifunga kamba zake. Yeye alisema wazi kwamba anaogopa kuanguka, na anayetaka kucheka na acheke. Hata hivyo hapakuwa na mtu mjini, awe kocha, awe mwenye timu, aliyekaa karibu na mpira wa magongo kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa kibanda cha adhabu.

Mchezaji akikosa, refa humtoa barafuni, naye huenda kutumikia kifungo chake ndani ya kibanda kile chenye kioo, dakika mbili kwa kosa dogo, tano kwa kupigana, na mara nyingi wenzake hubaki pungufu mpaka atoke. Doreen hukaa naye humo, bega kwa bega kwenye ubao mmoja. Saa ikiisha huvuta komeo, mlango hufunguka, na mfungwa huchomoka kama ndama aliyekatiwa kamba. Ni kazi ya kujitolea. Malipo yake ni kahawa ya bure, na kahawa yenyewe mbaya.

Kiti hicho alikirithi kwa marehemu mumewe. Arvo alikuwa Mfini wa watu, mpole, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na aliufungua mlango ule kwa misimu mingi kuliko umri wa wachezaji wengine. Alipolazwa hospitali mara ya mwisho hakuusia habari za nyumba wala za gari. Alimshika mkewe mkono akamwambia, "Doreen, ya kibandani hufia kibandani. Usije ukanitia aibu." Siku ya pili yake akafariki, na Jumamosi iliyofuata Doreen akaenda kukaa pale, amevaa koti la Arvo lililomfika magotini.

Ya kibandani yalikuwa mengi. Wanaume wazima walilia humo wakiwa wamejifunika taulo usoni, wasionekane na watu. Wachezaji wa Quebec walisali kwa Kifaransa chao na kutukana kwa Kifaransa hichohicho, mara nyingi kwa maneno yaleyale. Aling'olewa mtu meno, Doreen akayaokota na kuyatia kwenye kikombe cha kahawa. Alikuja na mfuko wa njegere za barafu kwa ajili ya vifundo vilivyovimba, na baada ya mechi alirudi nazo nyumbani akazipika, maana hakuwa mtu wa kutupa chakula. Wanawake wenzake wa jikoni kanisani walimchokonoa kila Jumapili.

"Doreen, tuambie basi. Yule golikipa mrefu ni kweli mkewe kamkimbia?"

"Nitajuaje mimi? Nilikuwa nasikiliza redio."

Kibandani hapakuwa na redio, na wote walijua.

Sasa nimseme Garnet Olynyk, maana ukimtaja Doreen bila yeye hujamtaja. Garnet alikuja kwetu kutoka Saskatchewan, mtoto wa wakulima wa ngano, mabega yake kama kabati la nguo na sauti yake kama ya mwimba kwaya. Hakuajiriwa ili afunge mabao. Kila timu ina vijana wembamba wanaojua kufunga, na wapinzani huwawinda hao, wakawabana ukutani na kuwachapa magongo ya mikononi refa akiwa kageuka. Garnet kazi yake ilikuwa kumfanya mwindaji afikiri mara mbili. Alikuwa mbabe wa timu, na mkate wake ulitoka kwenye ngumi zake.

Lakini alikuwa mbabe mwenye adabu zake. Hakumpiga aliyeanguka, wala hakumshika aliyempa mgongo. Kabla hajatupa glavu chini alimuuliza mwenziwe taratibu, "Twende?" Na yule akisema mkono unamuuma leo, Garnet alimwambia pole kaka, wakaachana. Wababe wote wa zamani walikuwa hivyo, nidhamu yao waliibeba vifuani na haikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Wakishamaliza kupigana aliingia kibandani akipangusa damu, akaketi, akasema, "Samahani Mama kwa fujo," kama mtu aliyeingia sebuleni na matope viatuni.

Doreen alimpenda. Sioni haja ya kuzungukazunguka. Binti yake wa kumzaa yuko Calgary na humkumbuka mama yake Krismasi, lakini Garnet alikwenda kila Jumanne kumzolea theluji uani, kisha wakakaa jikoni wakala mkate wa iliki ambao Doreen alifundishwa na mama mkwe wake. Garnet alitia sukari nyingi mno kwenye chai. Bakuli la sukari lilikaa mbele ya kikombe chake daima, na Doreen alimtania kwamba siku akistaafu atapewa kazi ya kuwa nyuki.

Msimu mmoja kabla ya ule wa mwisho, karibu na Krismasi, Garnet alipigana na jitu moja kutoka upande wa ziwani, akapokea ngumi mbili za kichwa ambazo hakuziona zikija. Aliingia kibandani, akaketi, akautazama uwanja kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "leo tunacheza na nani?"

Doreen alidhani ni mzaha. "Na Papa wa Roma," akamjibu.

Garnet akacheka kidogo. Kisha akamwinamia, akauliza tena kwa sauti ya chini, "Kweli lakini. Na nani?"

Doreen akamwambia. Akamwona analirudia jina la timu ile mdomoni kama mtoto anayekariri. Halafu Garnet akamshika mkono wa koti. "Usimwambie mtu, Mama. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Wakijua kichwa kimeharibika, sina pa kwenda. Mimi sijui kazi nyingine."

"Ya kibandani," akasema Doreen.

Saa ikaisha. Akavuta komeo, mlango ukafunguka, Garnet akatoka.

Ikawa ndiyo desturi yao, hata baada ya mkataba kuongezwa mwaka mwingine. Mara moja moja angeingia na macho yaliyopotea njia, akauliza tunacheza na nani, Doreen akamwambia, akamfungulia. Siku za Jumanne alianza kukaa jikoni amevaa miwani ya jua, akisema taa inamchoma. Alimsahau jina mbwa wake aliyemlea tangu mdogo, akacheka, kisha hakuweza kuacha kucheka, na Doreen akaona kile si kicheko tena. Alikwenda kanisani akamwomba Mungu. Kwa daktari wa timu hakwenda.

Na hapa mnisamehe, nitasema kwa hasira. Watu wa mpira huu wana ugonjwa wao, nao ni kudhani kwamba kunyamaza ni mapenzi. Mchezaji hanyanyui mkono kusema anaumwa. Mwenziwe anayemwona hasemi, asije akamharibia. Daktari huuliza "Uko sawa?" akiwa keshageuza mgongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu mficha maradhi hupigiwa makofi uwanja mzima ukasimama. Doreen hakuwa mwovu. Alikuwa mmoja wetu tu, akitenda tunavyotenda sote.

Basi ikafika Jumapili ile ya mwezi wa tatu, mechi ya mwisho ya msimu, mchana kweupe, dhidi ya Pine Harbour. Tukishinda tunaingia kwenye mtoano. Tukishindwa tunafunga mizigo. Kiwanda cha karatasi kiliacha watu wachache tu wa kulinda mitambo, wengine wote tulikuwa uwanjani.

Pine Harbour walikuwa wamesajili mbabe mpya, kijana aitwaye Brodie Tessier, ambaye bado alikuwa na meno yake yote na kwa hiyo alikuwa na haraka. Mbabe kijana hupata jina kwa kumwangusha mbabe mzee mwenye jina. Tangu wakipasha misuli alimfuata Garnet katikati ya barafu.

"Mzee, leo nakustaafisha."

"Nikipata nafasi nitakuita, bwana mdogo," Garnet akamjibu. "Kunywa maji kwanza."

Kipindi cha tatu kikaanza mabao mawili kwa mawili. Garnet alikuwa anakifuata kisahani, ambacho kwenye barafu ndicho mpira wenyewe, kwenye kona, ameinamisha kichwa, ndipo beki mmoja wa Pine Harbour alipomjia kwa kasi akampiga bega la taya. Sauti yake ilisikika mpaka viti vya juu. Refa hakuona, au hakutaka kuona. Garnet alikaa chini kidogo, akainuka kwa kuushika ukuta, akateleza mpaka kwa mtu wa kwanza mwenye jezi ya wageni na kumkaba shingo. Masikini hakuwa yeye aliyempiga. Refa akapuliza kipenga, akanyoosha mkono: Olynyk, ukorofi, dakika mbili.

"Refa!" mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti. "Mkeo anajua unatembea peke yako bila fimbo ya kipofu?"

Tukacheka. Nakumbuka kwamba tulicheka.

Garnet akaingia kibandani na kuketi. Hakusema samahani kwa fujo. Doreen akampa taulo, nalo likabaki mapajani mwake kama alivyoliweka. Akamtazama usoni, akaona jicho moja limetanuka mboni kuliko la pili.

"Garnet. Unajua tunacheza na nani?"

Garnet akageuka kumtazama kwa upole mkubwa. "Mama," akasema, "Baba amepata pa kuegesha gari?"

Baba yake Garnet alikufa Garnet akiwa na miaka kumi na mitano. Trekta lilimwangukia shambani. Doreen alizijua habari hizo kwa sababu alisimuliwa humohumo kibandani.  Kabla hajajibu, Garnet alivua glavu moja, akatapika ndani yake kwa uangalifu ili asichafue sakafu, kisha akaiweka pembeni.

Upande wa pili wa ubao hukaa mtunza saa, Lorne, rafiki wa Arvo wa siku nyingi. Doreen akamwegemea. "Lorne, mwite daktari."

"Daktari yuko ng'ambo, kwenye benchi la timu. Ana nini?"

"Hajui aliko."

Lorne akaitazama saa yake, akamtazama Garnet, akairudia saa. "Zimebaki sekunde chache tu. Atazinduka. Si huwa anazinduka?" Kisha akashusha sauti. "Arvo asingesema, Doreen."

"Arvo amekufa," akasema Doreen.

Lorne akayarudisha macho kwenye saa. Ng'ambo ya barafu Tessier alikuwa keshasimama kwenye benchi lao. Aligonga ukuta kwa gongo lake, akalinyoosha kuelekea kibandani, akagonga tena. Wote tulijua maana yake. Kocha wao angemwingiza mara Garnet akitoka, na Garnet angetupa glavu, maana hajapata kuitwa akakataa. Garnet naye aliliona gongo lile. Akasimama. Mwili wake ulijua la kufanya bila kumuuliza.

"Ananiita," akasema.

"Nani anakuita?"

Garnet akafikiri. "Sijui. Lakini ananiita mimi."

Doreen akainuka. Alikuwa na kilo hamsini pengine, pamoja na koti la Arvo. Akauegemeza mgongo wake mlangoni, mkono wa nyuma umelishika komeo, akakaa hivyo. Saa ikaisha. Kule barafuni wenzake Garnet wakamtazamia aje, maana hesabu ilikuwa imetimia.

"Mama, saa imekwisha."

"Najua."

"Fungua."

"Sifungui, mwanangu."

"Fungua, Mama. Nimemaliza. Nimekaa dakika zangu zote."

"Umekaa. Na leo utaendelea kukaa."

Garnet akainua mkono. Sisi tuliokaa upande ule tuliuona mkono ule, ambao ulikuwa umewalaza wanaume nusu ya ligi, ukienda juu kabisa, na mwanamke yule yuko chini yake hana hata kofia ngumu. Ukashuka kwenye kioo juu ya kichwa chake. Ukapanda, ukashuka tena. Angeweza kumsogeza Doreen kwa kidole kimoja, akajifungulia mwenyewe. Hakumgusa. Hajui tunacheza na nani, hajui baba yake amekufa, lakini alijua kwamba mtu wa kibandani hagusiki. Aligonga kioo tu, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake, akibembeleza. "Mama, tafadhali. Wenzangu wanabaki pungufu. Mama, watanilaumu mimi."

Doreen alikuwa analia, lakini mkono wake haukutoka kwenye komeo.

Uwanja ukawa umeelewa. Kwanza ukaanza mnong'ono, kisha sauti moja, halafu watu elfu tatu wakiimba "Fungua! Fungua!" na kupiga miguu. Mimi nilikuwemo. Wachezaji wetu walikuwa wanne dhidi ya watano, wamechoka, wanatupia macho kibanda badala ya kutazama kisahani. Pine Harbour wakakizungusha mara mbili, na kikaingia wavuni.

Kuimba kukakatika papo hapo. Garnet akaacha kugonga. Akaketi, akamwegemea Doreen begani kwa uzito wake wote.

"Tumeshinda?" akauliza.

"Ndiyo, mwanangu," Doreen akamwambia. "Tumeshinda."

Refa akaja amekasirika, uso mwekundu. Doreen akamfungulia yeye mlango, akamwambia maneno matatu tu: "Muulize jina lake." Refa akamuuliza. Garnet akamtazama kwa heshima, akafungua mdomo, akaufunga, akamgeukia Doreen kama mtoto aliyeulizwa swali gumu shuleni. Refa hakusubiri. Aliinua mkono kumwita daktari, na walimtoa Garnet kwa machela, mguu mmoja unaning'inia kwa sababu machela ilikuwa fupi kwake.

Tulishindwa mabao matatu kwa mawili. Msimu ukaisha.

Mji huu una watu wema, lakini mwaka ule ulimtenda Doreen vibaya. Mtu alimwagia theluji chafu ya barabarani mlangoni kwake, na hapakuwa tena na wa kuizoa. Dukani walimpa mgongo. Jikoni kanisani wale waliokuwa wakimchokonoa awape umbea sasa walinyamaza akiingia. Hapakukosekana mwenye kusema kwamba kazi ya mwanamme apewe mwanamme, na kwamba Arvo angekuwa hai timu ingekuwa kwenye mtoano. Hilo la Arvo ndilo lililomchoma. Jioni alikaa na picha yake mezani akiieleza, kana kwamba picha ingemjibu.

Kisha akapigiwa simu na Bwana Pelkie, afisa wa nidhamu wa ligi, ndiye mwenye kukata hukumu za wachezaji. Alikuwa na sauti nzuri ya mtu aliyelala vizuri.

"Mama Lahti, uliingilia mwenendo wa mchezo. Umefungiwa maisha kufanya kazi yoyote uwanjani."

"Sawa," akasema Doreen. "Na yule aliyempiga Garnet bega la kichwa, yeye amepewa mechi ngapi?"

"Tukio hilo tuliliangalia. Lilikuwa mchezo wa nguvu, lakini ndani ya kanuni."

"Na daktari ambaye hakumtazama mwaka mzima?"

"Hilo si la ofisi yangu."

"Kwa hiyo mkosaji msimu huu ni mimi."

Bwana Pelkie akakohoa. "Ndiyo kanuni ilivyo, mama."

Doreen akamshukuru kwa kupiga simu, akaweka chini. Alilia baadaye, na si kwa ajili ya kiti. Alilia kwa sababu Garnet hakuja. Madaktari walikuwa wamemwambia hatacheza tena, naye alikuwa amerudi mjini, anakaa chumba cha juu kwa seremala wa Mtaa wa Mto, na kila aliyemwona alileta maneno yake kwa Doreen. Garnet anasema umemuua kwa njaa. Garnet hataki kulisikia jina lako. Jumanne ya kwanza Doreen alioka mkate wa iliki, akapanga vikombe viwili, akangoja mpaka chai ikapoa. Jumanne ya pili alioka tena. Ulipogeuka mkavu aliwamwagia ndege, na Jumanne iliyofuata akaoka mwingine.

Barafu ya mto ilikuwa imeshavunjika, maji yamejaa vipande vyeupe, siku aliposikia mlango unagongwa. Aliujua ugongaji ule. Alisimama kidogo, mkono kwenye kitasa, akiogopa. Kisha akafungua.

Garnet alikuwa amekonda, miwani ya jua usoni, kofia mikononi. "Mama," akasema, "wanasema ulinifungia mlango."

"Kweli."

"Mimi sikumbuki." Alibaki pale kizingitini. "Nakumbuka asubuhi nilikula mayai. Halafu nakumbuka nesi. Katikati hapana kitu. Kila mtu ananiambia nikuchukie, na nimejaribu, lakini sijui nachukia nini. Nimeona nije unisimulie mwenyewe."

Akamkaribisha, akamketisha mahali pake, akamimina chai. Akamsimulia yote. Alipofika kwenye swali la baba na gari Garnet aliinamisha kichwa akavua miwani, akayafinya macho. Alipofika pa mkono ulioinuka, Garnet akamkatiza.

"Nilikugusa?"

"Hukunigusa. Uligonga kioo tu."

Akashusha pumzi ndefu. Doreen akatambua kwamba hilo hasa ndilo lililomweka mbali siku zote zile. Hakuna kati ya wale wote waliompelekea Garnet maneno aliyejali kumwambia.

Wakakaa. Nje vipande vya barafu vilikuwa vikigongana mtoni. Garnet akakizungusha kikombe chake mezani.

"Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchanganyikiwa mle ndani?"

Doreen angeweza kumwambia ndiyo. Mtu aliyesahau hawezi kukusuta, na ya kibandani hufia kibandani. Akamtazama yule kijana, akatazama picha ya Arvo ukutani.

"Hapana," akasema.

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

"Msimu uliotangulia. Karibu na Krismasi. Uliniuliza tunacheza na nani."

"Ukanifungulia."

"Nikakufungulia."

"Na baada ya hapo?"

"Kila mara."

Garnet akavitazama vifundo vyake, vile vilivyopinda na vile vilivyopona vibaya, kimoja kimoja. "Mimi ndiye niliyekuomba usiseme," akasema mwishoni.

"Uliniomba. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na komeo."

Hakumwambia amemsamehe, wala hakuinuka kwenda zake. Alichukua kipande cha mkate wa iliki, akala polepole, akachukua cha pili. Akainua kikombe chake, akaonja chai, akakunja uso. Akaanza kuitafuta meza kwa macho, huku na huku.

"Mama," akauliza, "sukari umeiweka wapi siku hizi?"

Bakuli lilikuwa palepale lilipokaa miaka yote, mbele ya kikombe chake. Doreen akalichukua, akalifungua, akamtilia vijiko vinne kama alivyopenda, akamkorogea.